Kidole Kisichopakwa Hina

Mtaani Tena, Jumatano jioni

Bado naamini uamuzi wangu ulikuwa sahihi.

Mama Halima, mgonjwa wangu wa nimonia, alikuwa amekataa uji tangu jana. Bintiye anaolewa Jumamosi huko mtaa wa Umoja, naye alishikilia kwamba lazima aende nyumbani, ilhali oksijeni yake hushuka akitembea hadi msalani tu. Niliogopa kwamba angeondoka kwa nguvu.

Alasiri dada yake alileta hina nyeusi ili ampake palepale kitandani. Muuguzi mwenzangu alikataa katakata: kipimo cha oksijeni hubanwa kidoleni, na rangi nyeusi kwenye ukucha huweza kukipotosha. Hoja yake ilikuwa ya haki. Nikapendekeza kidole kimoja kiachwe bila kupakwa, naye akakubali.

"Basi chukua hiki cha mwisho, sista," Mama Halima akasema. "Hata pilau hakinisaidii kula."

"Pilau gani, na uji umekushinda?" dada yake akamchokoza.

Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaagiza uji na kuumaliza, mkono mmoja ukikauka hina.

Chuoni niliandika kwamba mgonjwa aliyeridhika ni yule asiyelalamika. Huyu alilalamika kwamba uji ni mwepesi! Mapafu yake ni yale yale, na harusi itampita. Hata hivyo alikuwa ameridhika, nami niliona kuridhika huko kukimpa nguvu ya kuendelea kutibiwa.

Nilipoaga, hakudai tena kuondoka. Aliuliza kama Jumamosi nitakuwa zamuni, maana bibi harusi atapitia wodini kwanza.

Nitakuwepo. Nimekwisha kubadilishana zamu.