Mwendo Mpya

Ngaramtoni

Mwanangu Namnyaki,

Salamu zikukute mzima huko Mtwara. Leo ukungu wa Meru umeshuka hadi migombani, nami nakuandikia nikiwa nimesimama dirishani. Nimesimama, mwanangu.

Ile nyonga wameshaibadilisha. Daktari hakukata misuli. Alipenya katikati yake kama mtu anayepita kwenye mahindi bila kuvunja bua. Ganzi ya mgongo iliniacha nikielea, nikasikia nyundo ikigonga mbali sana, nikadhani baba yako anajenga zizi, kama siku zile ananioa. Kesho yake nilikanyaga sakafu. Sasa fimbo nimeiacha, napita uani kama kivuli cha wingu.

Ng'ombe yule mwekundu amezaa. Kaka yako amepaka nyumba rangi ya kijani, mbaya kweli.

Baba yako hakutaka uambiwe, lakini macho yake yamezimika kabisa. Tangu masika alikuwa ananijua kwa kule kuchechemea kwangu. Akinisikia tu, ananisogezea kiti. Siku niliyotoka hospitali niliingia mwenyewe, na kabla sijafungua mdomo akainuka kwa adabu, akasema, "Karibu, mgeni."

Hata sasa nikiingia wima hushtuka kwanza, mpaka niseme neno.

Basi huko shambani natembea wima, kama nilivyofundishwa hospitali. Nikikaribia mlango, nachechemea, nasikia kiti kikiburutwa.

Ukija likizo, njoo na mwendo wako ule ule.

Mama yako,
Yiamat