Aliyekimbia Mbele ya Gorila

Ijumaa, baada ya Maghrib. Maskati haina hata upepo leo. Naandika kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia umefungwa bendeji tangu tuliporudi kutoka Uganda.

Nna uchungu, na sitaki kuumeza.

Mchana tulikwenda Bustan kula kwa mama mkwe. Ukoo mzima ulikuwepo, wanataka habari za safari. Mume wangu, Khalfan, akahadithia mbele ya sinia la wali: "Gorila katutokea, mwenzangu khofu ikamshika, akakimbia. Nikamrukia, nikamlaza chini, nikamkinga kwa mwili wangu mpaka mnyama akaondoka."

Wifi zangu wakacheka. Mama mkwe akaushika mkono wangu wenye bendeji. "Mshukuru Mungu, mwanangu. Mwanamme mwengine angekuacha."

"Alhamdulillahi, Mama," nikasema. Sikula tena.

Basi hapa nitasema ilivyokuwa.

Kuwaona gorila ilikuwa hamu yangu, si yake. Marehemu baba alizaliwa Uganda kabla ya kurudi Oman, na milima ile alituhadithia tangu tuko wadogo. Asubuhi ile, kabla ya kuingia msitu wa Bwindi, kiongozi wetu, Godfrey, alitukalisha akatueleza taratibu. Mwenye mafua abaki, kwani maradhi yetu yanawaua. Tusiwasogelee. Tusipige picha kwa taa.

"Na dume akija mbio, msikimbie," alisema. "Chuchumaeni, tazameni chini, kaeni pamoja. Mara nyingi anatisha tu. Ukikimbia, ndipo atakapokufuata."

"Tumefahamu," Khalfan akajibu kwa niaba yetu sote.

Tuliwakuta kwenye mteremko wenye matope, wanakula majani. Jike mmoja alikuwa amempakata mtoto, anamchambua manyoya. Nilimkumbuka baba, machozi yakanitoka. Kisha gorila mdogo mwengine akaanza kutujia, na Godfrey akatuashiria turudi nyuma pole pole. Wengine sote tukarudi. Khalfan akasogea mbele, kamera usoni.

Taa ya kamera ikawaka.

Dume alitoka vichakani anapiga kifua, mgongo wake mweupe kwa mvi, miti midogo inavunjika mbele yake. Nikachuchumaa, nikatazama chini. Khalfan akageuka. Njia ilikuwa nyembamba na mimi nilikuwa katikati yake. Akanisukuma kwa mikono miwili, akapita.

Niliangukia mkono. Nilisikia mfupa unalia.

Godfrey akachuchumaa ubavuni kwangu, akaanza kuguna kwa sauti nzito ya chini, kama wanavyoguna wao. "Usiinue macho, mama," akaninong'oneza. "Tulia hivyo hivyo." Dume alisimama karibu mpaka nikaisikia harufu yake. Nilisoma shahada moyoni. Kisha akageuka, akarudi kwa wake zake.

Khalfan walimkuta chini kabisa ya mteremko, amepoteza kiatu kimoja.

Njia nzima ya kurudi sikumlaumu. Khofu haimchagui mtu, na mimi sijui ningefanya nini lau ningekuwa mbele kama yeye. Nilikuwa nimeshamsamehe. Wallahi nilikuwa nimeshamsamehe.

Leo ndiyo ameitwaa khofu yake akanivisha mimi, mbele ya watu.

Tulipokuwa garini tunarudi nikamuuliza, "Kwa nini umesema mimi ndiye niliyekimbia?"

"Ulitaka nimwambie nini Mama?"

"Nambie mimi basi. Uliponisukuma, ulijua ni mimi?"

Akaongeza mwendo. Tukaupanda mlima, tukaushuka, tukafika Wadi Kabir, gari zimesongamana mbele yetu.

"Nilijua," akasema.

Hakuomba radhi. Akafungua redio.

Tangu tuoane hajawahi kunijibu ukweli mtupu namna ile, na sasa sijui niuweke wapi. Ningependa kulia, lakini hata hilo haliji. Lililokuja ni hili tu: Ijumaa ijayo akianza tena kisa chake, nitakihadithia mimi, mbele ya mama yake, na wifi zangu wacheke wakitaka.

Namsikia sebuleni. Ananiita nimtilie chai, sauti ile ile ya kila siku.

Birika liko jikoni. Ajitilie.