Baba Otieno Asimamishwa Akicheka

Homa Bay, Jumatano, Agosti 1999

Bahati yangu jameni! Kutoka hapa mpaka Isebania ni mimi peke yangu ninayejua kusimamisha picha ya video kwa kompyuta.

Leo amekuja Mama Otieno. Mumewe, mvuvi wa kisiwa cha Remba, anazikwa Ijumaa na hakuna picha ya kuweka juu ya jeneza. Yuko tu kwenye kanda ya harusi ya jirani niliyoshuti, anapita na sahani akicheka.

"Msimamishe hapo, ndugu yangu. Huyo mtu hakuwahi kutulia."

Nikabonyeza. Akatulia!

Mama akacheka huku analia. "Na nyama bado iko mdomoni!"

Nikapiga skrini picha moja na kamera yangu. Filamu ikisafishwa na isipotoka, sijui nitamwambia nini.

Maana kusimamisha sijui. Kompyuta ilikwama tu.