Ukuta wa Herufi kule Ngara

Ijumaa, asubuhi. Baridi ya Julai. Tangu nilipoamka sijaliona jua, wala silitarajii.

Kosa wanalofanya watu wengi ni kudhani kwamba sura ya jiji hutungwa mkutanini. Ni kosa la kijinga, na ninaliandika leo kwa sababu Jumanne nililifanya mimi mwenyewe, nikiwa na kikombe cha chai mkononi.

Niliitwa katikati ya jiji, kwenye ukumbi wa ghorofa ya juu, katika jengo ambalo lifti yake hubembelezwa ndipo ipande. Kikao kilikuwa cha kuzungumzia utambulisho wa Nairobi kupitia sanaa. Walinialika kwa kuwa nilifundisha Kiswahili na Fasihi miaka mingi, na kwa kuwa mwanamke mwenye mvi hupendeza kwenye picha za ripoti.

Mtaalamu wao, bwana mwenye viatu visivyojua tope, alitueleza kwa saa nzima kwamba jiji letu halina sura. Alituonyesha picha za majiji mengine yaliyo nayo. Kisha akatuonyesha dawa, na dawa yenyewe ilikuwa twiga. Twiga mkubwa wa kuchorwa ukutani, shingo yake ikipita katikati ya maghorofa, nyuma yake jua linazama. Ukumbi ulipiga makofi. Twiga huyo nimekwisha kumwona kwenye mifuko, kwenye vikombe, kwenye mapazia ya hoteli na kwenye soksi zinazouzwa uwanja wa ndege. Ndiye aliyeitiwa wataalamu.

Mimi sikupiga makofi. Lakini pia sikupinga. Nilikula sambusa mbili.

Kabla ya kutoka nilitia sahihi karatasi ya mahudhurio. Wasioishi hapa niwaeleze. Katika mikutano yetu lazima karatasi izunguke: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, sahihi. Hakuna anayeisoma. Tunaitia sahihi jinsi tunavyoitikia salamu, huku tukiangalia chai imefika wapi. Mimi nilikuwa nimeketi mbele, kwa hiyo ilianza kwangu.

Jana, Alhamisi, nilikwenda Ngara kuagiza kibao. Nina chumba cha kupangisha huku kwangu karibu na Adams Arcade, na kibao cha zamani kimeliwa na mvua. Vibao vyangu vyote huandikwa na Mzee Wafula, aliyekuja Nairobi kutoka upande wa Bungoma kutafuta kibarua akaishia kushika brashi. Yeye na wenzake hufanya kazi kwenye kichochoro nyuma ya maduka ya jumla, mbele ya ukuta mmoja mrefu ambao mtu asiyejua atauona mchafu.

Ukuta ule ni shule. Anayetaka kujifunza kuandika mabango hupewa kipande chake, upana wa mikono miwili, na hapo huandika herufi zote kutoka A mpaka Z. Mwalimu wake huja, hutazama, husema “futa”. Anafuta, anaandika tena. Wengine hufuta mwaka mzima. Siku mwalimu akipita pale bila kusema chochote, mtu huyo amehitimu, na mstari wake haufutwi tena. Akifa, hakuna anayeugusa. Anayekuja nyuma hutafuta nafasi palipobaki.

Aliyemfundisha Wafula alikuwa Mzee Muchiri, ambaye sasa ni marehemu. Mstari wake uko juu, upande wa kushoto. R yake ina mguu uliotupwa mbele, kama wa mtu anayeruka mtaro. Ukishaiona hapo utaiona kila mahali. Iko kwenye bucha za Kawangware, kwenye duka la dawa ninalopita kila wiki, kwenye saluni na vinyozi wa Ngong Road nzima, kwa sababu walioandika huko walifundishwa na Muchiri, au na wanafunzi wa Muchiri. Mtu aliyezaliwa hapa akiiona R hiyo ugenini atasimama, asijue kwa nini amekumbuka nyumbani.

Hiyo ndiyo sura ya jiji. Imekuwako muda wote. Mtaalamu hakuiona kwa sababu hajawahi kununua nyama mwenyewe.

Nilimkuta Wafula anakoroga rangi. Hakunipa kiti, ingawa ndiyo kawaida yake. Akanieleza, bila kuniangalia, kwamba Jumatano watu wawili walikuja kutoka ofisi iliyoandaa kikao kile. Walisema Jumamosi, yaani kesho, ukuta wote utapakwa rangi nyeupe, kisha achorwe twiga, ili kuwaenzi wasanii wa Ngara. Walimwomba yeye mwenyewe apake hiyo nyeupe, kwa kuwa yuko karibu. Alikataa, akauliza ni nani aliyekubali jambo hilo. Wakamfungulia karatasi.

“Jina lako ndilo la kwanza, Mwalimu,” alisema. “Nikadhani ni mwingine. Nikaangalia namba ya simu. Ni yako.”

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Juu ya ngazi alikuwa Njeri, anachora kichwa cha mwanamume aliyenyolewa vizuri, kwa ajili ya kinyozi. Hakugeuka. “Mwalimu, hao watu wamekubeba ufala,” alisema, “na wewe ukawashikia mlango.”

Kichochoro kizima kilicheka. Nami nilicheka, wa mwisho.

Njeri nilimfundisha kidato cha pili. Alikuwa akichora pembeni mwa daftari badala ya kuandika insha, na siku moja nilimwambia mbele ya darasa kwamba ataishia kuandika mabango ya bucha. Nilikusudia iwe tusi. Leo ana mkono mzuri kuliko wote pale Ngara, mstari wake ukutani hauhitaji kuelezwa, na hajawahi kunikumbusha maneno yale. Afadhali angenikumbusha. Ninamdharau yule bwana wa viatu, lakini dharau yake niliijua kabla hajazaliwa. Niliifundisha.

Kutoka pale nilitembea kwa miguu mpaka ile ofisi. Nilimkuta afisa mmoja mwenye kitambulisho kinachoning'inia shingoni. Nikamwuliza ni wapi nilipokubali ukuta wa Ngara upakwe rangi.

“Mama, ukisaini umeshiriki,” alisema. “Ndivyo utaratibu unasema.”

Nikaomba kuiona karatasi. Akaigeuza upande wangu, akaweka kidole juu kabisa. Kichwa chake kilikuwa kimeandikwa kwa herufi ndogo: Walioshiriki na Kuridhia.

Miaka yote niliwaambia watoto wa watu: soma swali kabla ya kujibu. Niliwakata alama kwa sababu hiyo. Nikawarudisha nyumbani na vilio kwa sababu hiyo.

Afisa alinieleza kwa upole ule wa kuelezea wazee. Barua yangu peke yake haibadilishi kitu. Lakini zaidi ya nusu ya waliotia sahihi wakijiondoa kwa maandishi kabla ofisi haijafungwa Ijumaa, basi kazi itasimama mpaka kiitwe kikao kingine. Nadhani alinieleza hivyo kwa kuwa aliamini haitawezekana. Niliandika barua yangu pale pale kaunta, nikadai mhuri. Aliupiga kama anayeua mende.

Tulikuwa kumi na tisa. Wanatakiwa kumi.

Nilipofika nyumbani niliwapigia simu niliowajua. Watatu walikubali bila maelezo mengi, Mungu awabariki, na barua zao wanazipeleka asubuhi hii. Mmoja, mshairi, alisema twiga si mbaya, mradi achorwe kwa ubunifu. Mwingine alisema tuzungumze wiki ijayo, kwa sasa yuko kwenye warsha ya kusikiliza sauti za wasanii. Wa tatu aliniuliza kama kikao kijacho kitakuwa na chakula cha mchana. Hawa ndio wanaoitwa wadau wa sanaa. Wafula hakuitwa. Njeri hakuitwa. Walioujaza ule ukuta hakuna hata mmoja aliyeitwa, kwa sababu mikono yao ina rangi na viti vya ukumbi vimefunikwa kwa kitambaa cheupe.

Kwa hiyo tuko wanne. Waliobaki siwajui kwa majina, ila najua baadhi yenu husoma blogu hii, kwa maana mlinisalimia kwenye foleni ya chai mkaniambia hivyo. Sitawalaumu kwa kutosoma kichwa cha karatasi. Mimi sikukisoma, na nililipwa maisha yangu yote kuwafundisha wengine kusoma. Lakini kesho asubuhi ndoo ya rangi nyeupe itafunguliwa Ngara, na wa kwanza kufutwa atakuwa Muchiri, kwa sababu yuko juu.

Kama ulikuwa kwenye ukumbi ule Jumanne, nenda leo kwenye ofisi iliyotualika, kabla ya saa kumi na moja jioni, omba karatasi kaunta, uandike: nilihudhuria, sikukubali.