Mnana wa Matete na Kima wa Tata Kabeya

Jumatatu, 3 Novemba 1975
Naapa kuandika yote humu, hata yanayoniaibisha. Nimechota maji, nimepiga sare pasi, nimechelewa shule. Sista ametupa zoezi: linganisheni wanyama wawili, mseme wa kulindwa ni yupi. Nimechagua kima wa mzee jirani yetu, Tata Kabeya, anayefungwa kamba mlangoni, na mnana anayeimba kwenye matete ya bwawa.
Kima: mamalia, oda ya primati, kama sisi. Mnana: ndege, oda moja na shomoro. Nimemalizia hivi: wa kulindwa ni kima, kwa kuwa ni ndugu yetu.

Jumatano, 5 Novemba
Alama mbaya. Sista anasema undugu ni jambo moja, uchache ni jambo lingine. Kima wa aina hii wako wengi, nchi baada ya nchi. Mnana huyu wa uso mweusi hajulikani ila kwenye mabwawa machache ya mkoa wetu wa Shaba.
Aibu. Halafu hofu. Jumamosi ni salongo, kazi ya lazima ya mtaa mzima. Tunafyeka matete. Viota vina mayai.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimekwenda kwa mkuu wa mtaa kuwaombea ndege. Nikamkuta Tata Kabeya.
"Weye mutoto," akasema, "kima iko na mikono sawa yako. Ndeke iko na nini?"
"Haiko mingi, tata. Kama inaisha hapa, pengine inaisha kabisa."
"Basi ufyeke polepole!" akasema mkuu.
Wakacheka. Nawachukia wote wawili. Nimelia jikoni. Baba alinisikia.

Jumamosi, 8 Novemba
Mvua. Baba aliomba upande wa viota. Akafyeka mpaka karibu kabisa, akaketi juu ya matete aliyokata, akawasha sigara.
"Citoyen, kazi haiyaisha!" mkuu akapaza sauti; siku hizi kila mtu anaitwa citoyen, raia.
"Ile ya kwangu imeisha."
Mkuu akasema: Jumamosi ijayo, hata tete moja halibaki.

Jumapili, 9 Novemba
Baada ya misa nimekaa bwawani. Kimebaki kichaka kikubwa kama jiko letu. Madume bado wanasuka viota, kama vile hakuna Jumamosi nyingine.
Tantine, dada ya Baba, anakaa Lubudi. Nimemwandikia; barua inaondoka na treni ya kesho. Swali moja tu, na nimemsihi anijibu kwa treni ya kurudi: Tantine, matete ya kwenu yana ndege huyu wa uso mweusi, au hawa wetu ndio wa mwisho?