Picha kwa Ukuta ya Mama

Lundi 3/11/1975
Nimetoka soko ya Kadutu, nakuta ukuta ya chumba ya Mama imepakwa musalaba mwekundu. Agent wa zone, mutu wa serikali, alipita. Chumba iko juu ya rigole, njia ya maji. Samedi tarehe 8, watu wa salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, wataivunja.
Nilimujengea Mama wakati ya jua. Rigole ilikuwa mavumbi tu! Mama alitoka kijiji Nyangezi, miguu imechoka. Ameniuliza kama rangi ile iko ya sikukuu.

Mardi 4/11
Nimeenda ku bureau ya zone. Chef hakuinua hata macho. « Citoyenne, maji haiombake ruhusa. » Basi. Nikarudi na hasira.

Vendredi 7/11
Nimepata akili. Picha ya Président ya kwetu salon, nimeipigilia misumari juu ya ule musalaba. Tuone mwanaume atakayepiga nyundo pale.

Samedi 8/11
Walikuja na majembe, na nyundo kubwa. Agent akaona picha. Akavua kofia. Kuishusha, nani? Kila mutu aliangalia mwenzake. Mwisho wakaenda kufagia barabara.
Nilicheka mpaka machozi. Maman Nabintu, jirani wetu wa chini ya mutelemuko, hakucheka. Alikuwa anaangalia mawingu.

Mardi 11/11
Mvua tangu asubuhi. Maji ilifika kwa chumba ya Mama, ikakosa njia, ikageuka, ikashuka kwa Maman Nabintu. Ukuta yake ya nyuma ilianguka juu ya kitanda. Mungu saidia, yeye na watoto walikuwa ku jikoni.
Nilimukuta anachimbua pagne zake za kuvaa ndani ya matope. Hakunitukana. Heri angenitukana. Nimeona haya, haya kabisa.

Mercredi 12/11
Nimeshusha picha mimi mwenyewe. Mama aliishika kwa magoti, anaipangusa na kitambaa yake. Nyundo niliazima. Nikapiga ukuta ya chumba, mimi wa kwanza. Majirani wakaja kubomoa, moja moja, hakuna aliyewaita. Agent alipita, akasimama kidogo, akaenda zake.
Maman Nabintu na watoto wako kwetu. Amekula bugali yangu. Hajanisemesha bado.
Mama amelala kwa kitanda yangu, anakoroma. Mimi niko chini, kwa mukeka wake. Mvua imerudi, ndogo. Nasikia maji inapita mu rigole.