Adhiambo Asimamisha Nyatiti

Dada Rose,

Joto la Kisumu linanipika, na mama ananilisha samaki wa ngege mpaka mshipi umekataa kufunga. Lakini nakuandikia juu ya binti yako, yule uliyemleta kwa nyanya yake ukihofia kwamba darasani hafungui mdomo.

Jumamosi nilimpeleka kwenye kikundi cha muziki cha shule. Mwalimu wao anawafundisha nyatiti, kile kinubi chetu cha nyuzi nane, pamoja na pakruok, ile ile ya kwenye harusi zetu: unamsimamisha mpigaji, unamtuza, kisha unajisifu upendavyo huku watu wote wakikusikiliza. Tuzo ya watoto ni njugu.

Wimbo ulipokolea, Adhiambo akainuka na njugu zake. "Ngoja kwanza," akamwambia mpigaji, na nyuzi zikanyamaza. "Mimi ni Adhiambo, binti wa Rose, ambaye chapati zake huwafanya majirani wasahau kwao."

Darasa likashangilia. Mwalimu akanigeukia, eti zamu ya mgeni. Rose, mimi ninayeshika maikrofoni kila harusi ya ukoo nilisimama na njugu mkononi nikakosa hata jina langu. Adhiambo akaja, akazichukua njugu zangu na kumpa mpigaji.

"Huyu ni mjomba wangu Ouma," akatangaza. "Ni mtu mzima, lakini bado anajifunza."

Siku hizi haoshi sahani kabla hajajisifu, na mama anamsubiri amalize. Pumzika roho, dada, na utuombee sote.

Ndugu yako anayejifunza,
Ouma